Malalamiko ya Kiwiko cha Kulia Dhidi ya Chupa ya Nusu Lita

Kwa Mkuu wa Idara ya Mazoezi ya Viungo,
Jengo la nyuma, mlango wa tatu baada ya mizani,
Hospitalini.

Ndugu Mkuu,

KUH: KUNYIMWA CHETI CHA KUPONA ILHALI MAZOEZI NIMEYAMALIZA YOTE

Kabla sijaeleza shida yangu, ni haki yako kujua unaandikiwa na nani, usije ukanichanganya na wale wagonjwa wa kawaida wanaokuja hapo na viuno vyao. Mimi ndiye kijana aliyeushinda umeme.

Sisemi hivyo kwa majivuno. Ni habari tu, na karakana nzima ya useremala ni shahidi. Siku hiyo tulikuwa na makabati kumi na mawili ya kuunganisha, kila kabati skrubu ishirini na sita, na ilipofika saa mbili asubuhi umeme ukakatika. Mashine ya kukazia skrubu ikazimika mikononi mwetu. Wenzangu wakakaa juu ya mbao wakaanza kupiga soga, wakisubiri. Mimi nikachukua bisibisi ya mkono. Umeme uliporudi saa kumi alasiri ukakuta hakuna kazi iliyobaki, ukaona haya, ukakatika tena. Skrubu mia tatu na kumi na mbili, Ndugu Mkuu, kwa mkono mmoja wa kulia, huu huu ambao idara yako inaudharau.

Kesho yake asubuhi nikashindwa kuinua kikombe cha chai.

Maumivu yalikaa upande wa ndani wa kiwiko, pale penye kifupa kinachogusana na mbavu mtu akitembea. Nikikunja ngumi, yanapiga. Nikizungusha ufunguo mlangoni, yanapiga. Nikipeana mkono na mtu mwenye furaha nyingi, machozi yananitoka, naye anadhani nimemkumbuka sana. Mama akasema, "Wewe, hebu nenda hospitali kabla hujaanza kulishwa kwa kijiko." Nikaja kwenu, nikiamini nitachomwa sindano moja ya maana, nirudi kazini kabla ya chakula cha mchana. Leo ni wiki ya tatu.

Sasa jambo linalonibana hasa ni hili, naomba usiliachie mpaka umalize kusoma. Dada yangu ana mimba ya miezi minane na ushee. Zimebaki wiki tatu. Tangu tumbo lilipoanza kuonekana nilitangaza mbele ya ukoo kwamba mtoto huyo hatalala kwenye kitanda chochote isipokuwa kile nitakachotengeneza mimi, mjomba wake. Mbao nilizichagua mwenyewe, nikazipiga randa, nikazisugua msasa mpaka ukipitisha shavu hupati kibanzi. Vipande vyote vimepangwa ukutani chumbani kwa dada. Kilichobaki ni kuunganisha tu. Skrubu arobaini na nane, kazi ambayo zamani ningeifanya huku nikipiga mluzi.

Lakini Mzee Futi, fundi mkuu wetu (tunamwita hivyo kwa sababu hata akikusalimu anakupima kwa macho, urefu na upana), alipopigiwa simu kutoka idarani kwako alilichukua sanduku langu la vifaa, akalitia kufuli, akaniambia, "Mjukuu wangu, hili utalifungua siku utakayoniletea cheti cha hospitali chenye muhuri. Bila muhuri, hata msumari hugusi." Na kana kwamba hiyo haitoshi, mama mkwe wa dada ametuma ujumbe kwamba kama mbao zinasumbua, yeye ataleta kitanda cha chuma cha dukani, cha kukunja. Cha kukunja, Ndugu Mkuu! Mtoto mwenye mjomba seremala alazwe kwenye kitu kinachokunjwa kama mwavuli!

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, kwa hiyo ukikuta kosa la mwandiko ujue ni la kiwiko. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kuhusu mtaalamu wako. Jina lake silijui. Sisi wagonjwa wa benchi la nje tunamwita Sista Polepole, kwa kuwa neno hilo analitumia kama wengine tunavyotumia hewa. Siku ya kwanza alinishika kiwiko, akabonyeza kwa kidole gumba mahali penyewe hasa, bila kuuliza njia, nikaruka nusura niguse dari. Akasema, "Ndiyo, ni hapo." Ningeweza kumwambia hivyo bila kubonyezwa. Akauliza kama kidole kidogo kinakufa ganzi. Nikamjibu hakijafa, kiko hai na kinamsalimu. Hakucheka, akaandika.

Kisha akanieleza kwamba misuli inayokunja vidole na kiganja yote imeshikiliwa na kano kwenye kifupa kile kimoja, kama mbuzi wengi waliofungwa kigingi kimoja, na kwamba mimi kwa skrubu zangu nimewavutisha mbuzi hao kutwa nzima mpaka kamba zimeanza kuchanika nyuzi. Nikauliza itachukua muda gani kupona. "Wiki kumi na mbili, kaka, ukienda polepole." Nikauliza, na nikienda haraka je? "Ukienda haraka, miezi sita." Naomba hesabu hiyo ichunguzwe na mtu mwingine. Kila mahali nilipowahi kwenda, aliyekwenda haraka ndiye aliyefika mapema.

2. Kuhusu dawa zenyewe, ambazo si dawa. Nilitegemea kitu chenye uchungu, chenye harufu, au angalau chenye lebo. Nikapewa barafu. Niifunge kwenye kitambaa, niiweke kwenye kiwiko dakika kumi, niitoe. Barafu, Ndugu Mkuu, ni maji yaliyokaa kimya. Baada ya hapo nikafungwa mkanda chini kidogo ya kiwiko, ati upunguze mvuto kwenye kano. Mkanda una urefu wa kiganja, haukazi suruali wala haufungi mzigo. Nilipoingia nao nyumbani dada aliangua kicheko akasema, "Fundi, umeanza kuvaa saa kwenye kiwiko? Ni saa ngapi huko juu?"

Halafu kuna ile mashine ndogo ya kichwa cha bapa. Anakupaka mafuta baridi, anaizungusha juu ya ngozi. Haitoi mlio, haitoi joto, haitoi cheche. Nikamuuliza kwa adabu kama ameichomeka. Mimi nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote. Mashine isiyopiga kelele haifanyi kazi, au inafanya kazi ya mtu mwingine.

3. Kuhusu chupa. Hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti.

Baada ya wiki mbili za barafu, Sista Polepole alisema sasa tutaanza kuimarisha kano kwa uzito. Moyo ukanipanda. Nikavua shati. Akaniambia nirudishe shati, akanipa chupa ya maji ya nusu lita.

Nikainywa.

Akanipa nyingine, akaeleza kwamba ile ndiyo uzito wenyewe. Ati nilaze mkono juu ya meza, kiganja kitazame juu, kifundo cha mkono kining'inie ukingoni. Mkono wa kushoto uusaidie wa kulia kupanda na chupa, kisha wa kulia peke yake uishushe, kwa kuhesabu moja mpaka tano, polepole. Ati siri ya tiba yote iko kwenye kushusha, si kwenye kupandisha. Ndugu Mkuu, mimi nimebeba mlango wa mninga ngazi tatu juu, peke yangu, huku nimeuma kalamu ya kupimia. Leo nasaidiwa na mkono wangu mwenyewe kuinua maji ya kunywa! Na mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa wazi, watu wa idara ya meno wanapita wananiona.

4. Kuhusu nyundo. Hili limeniumiza kuliko kiwiko. Sista Polepole, alipojua mimi ni seremala, alifurahi, akatoa nyundo kwenye kabati. Nikajua angalau tumefika penye heshima. Akaniambia niishike mwishoni mwa mpini, kiwiko kibane mbavu, niigeuze taratibu kushoto, niirudishe, niigeuze kulia, niirudishe. Nikatafuta msumari. Hakuna msumari. Nikatafuta ubao. Hakuna ubao. Nyundo inatembezwa hewani kama mtu anayemfukuza nzi asiyemchukia. Nikauliza tunatengeneza nini hapa. Akasema, "Tunakutengeneza wewe." Maneno mazuri, sikatai, lakini nyundo isiyogonga kitu ni matusi kwa nyundo, nami nilihisi aibu kwa niaba yake.

5. Taulo. Natakiwa kulikamua taulo kavu. Sina la kuongeza.

6. (Hili lilipaswa kuwa la pili, nilisahau.) Kuhusu benchi la nje na watu mnaowakalisha hapo. Kuna bibi mmoja wa nyonga ambaye huja siku moja na mimi. Alikuja na fimbo mbili, sasa anatembea na moja, na hiyo moja anaitumia zaidi kunichokoa. Kila nikitoka ndani ananiuliza, "Mjukuu, leo umeinua nini? Kijiko?" Juzi alinionyesha kadi yake ya mazoezi, kila kisanduku kina alama, siku moja moja, wiki ya tisa. Akasema, "Mimi nafanya kila nikimaliza kupika, sikosi, wala sizidishi. Wewe umefikia wapi?" Nikamwambia mimi nipo kwenye mpango maalumu. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka, na mimi ndiye niliyeiokota, kwa mkono mgonjwa, wala hakuna aliyenishukuru. Naomba wagonjwa wanaopona wakalishwe benchi lao peke yao. Wanatukatisha tamaa.

7. Sasa ndipo tunafika kwenye dhuluma yenyewe.

Nilipewa kadi yenye visanduku themanini na vinne, kila siku kisanduku kimoja kwa wiki kumi na mbili. Kila kisanduku ni kushusha chupa mara kumi na tano, kupumzika, tena kumi na tano, kupumzika, tena kumi na tano. Ijumaa iliyopita niliondoka na kadi mfukoni nikapiga hesabu njiani. Wiki kumi na mbili mimi nazitoa wapi, na mtoto anakuja baada ya tatu? Lakini sisi karakana kazi yetu huhesabiwa kwa kipande, haihesabiwi kwa siku. Ukiambiwa viti themanini kwa mwezi, ukavimaliza kwa wiki, hakuna anayekuambia kakae nje wiki tatu ndipo uvilete. Vinapokelewa, na unapigwa bega.

Arobaini na tano kwa siku, mara siku themanini na nne, ni elfu tatu mia saba na themanini. Nikaona hiyo ni kazi ya mwisho wa wiki.

Jumamosi nilifanya elfu mbili kamili. Nilianza baada ya chai, nikiwa nimekaa meza ya jikoni. Mama alikuwa akipita na masufuria, anasikia "moja, mbili, tatu, nne, tano", anatikisa kichwa. Dada alikuja kukaa naye, miguu juu ya kigoda, akawa mhesabuji wangu kwa muda, mpaka akasinzia kwenye mia sita na kitu, nikalazimika kurudi nyuma kidogo kwa uaminifu. Jumapili nikamaliza elfu moja mia saba na themanini zilizobaki. Nikajaza visanduku vyote themanini na vinne, kwa kalamu mbili tofauti ili kadi ipendeze.

Jumatatu asubuhi nikaiweka mbele ya Sista Polepole, nikasimama wima, nikisubiri kupigwa bega.

Aliitazama kadi. Akaitazama kalenda ya ukutani. Akaitazama tena kadi, sehemu ya tarehe. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kumbembelezea mtoto, "Kaka, leo tarehe ngapi?" Nikamjibu. Akasema, "Hapa umeniandikia mpaka karibu miezi mitatu kutoka sasa." Nikasema ndiyo, nimekamilisha kabla ya muda. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akaketi, halafu akafuta macho na kuniambia neno moja ambalo umeshalijua.

8. Kuhusu kifaa cha kupimia. Baada ya kucheka alinipa kile kishikio chenye mshale, kinachoonyesha kilo unapokikamua. Akasema anayerudi kwenye kazi ya mikono afikie walau thelathini. Nikakamua kwa kulia. Mshale ukapanda mpaka kumi na nne, ukaniangalia, ukashuka. Nikaomba nijaribu kwa kushoto, akaniruhusu. Hamsini na mbili! Hata Sista mwenyewe alishtuka.

Sasa hesabu, Ndugu Mkuu, haina undugu wala chuki. Hamsini na mbili ujumlishe kumi na nne ni sitini na sita. Mikono ni miwili. Gawanya kwa mbili, unapata thelathini na tatu. Mtu mwenye thelathini na tatu amepita thelathini kwa tatu nzima! Nilimwandikia hesabu hiyo nyuma ya kadi, akaisoma, akasema, "Hesabu ni sawa kabisa. Sasa skrubu utaikaza kwa wastani?" Nasikitika kusema kwamba huo si mjadala wa kitaalamu, ni kejeli, na kejeli hospitalini inachelewesha kupona.

Akanipa kadi mpya, tupu, akasema nianze kisanduku cha kwanza. Nimeikataa. Iko mezani kwake.

Kutokana na hayo yote, naomba idara yako itekeleze yafuatayo kabla ya Ijumaa:

Kwanza kabisa nipewe cheti cha kupona, chenye muhuri wa duara na si ule wa pembe nne, maana Mzee Futi haamini pembe ambazo hakuzipima mwenyewe.

Sista Polepole ahamishiwe mahali ambapo mwendo wake utafaa, kwa mfano chumba cha mafaili. Akibakizwa, basi atengewe idadi ya "polepole" kwa siku. Mimi napendekeza kumi, na zikiisha aazime kwa wenzake.

Chupa ya nusu lita ifutwe katika tiba ya watu wenye historia. Kwa waliowahi kuushinda umeme ianzie ndoo.

Mkono mzima uruhusiwe kuuwekea dhamana mkono mgonjwa. Binadamu huwekeana dhamana hata polisi, tena hawakuzaliwa mwili mmoja. Mkono wangu wa kushoto una kilo hamsini na mbili na hauna rekodi mbaya. Na kama dhamana hiyo ikikubaliwa kwa mikono, sioni sababu isikubaliwe kwa miguu, kwa macho na kwa meno, hata mwisho hospitali iwe inatibu upande mmoja tu wa kila mtu, na foleni zenu zipungue nusu. Wazo hili nawapa bure. Mkitaka kuweka picha yangu ukutani, ninayo moja niliyopiga siku ya makabati.

Mwisho, nyundo ipewe msumari.

Nisalimie wote hapo idarani: yule kaka wa mapokezi anayeandika majina bila kuangalia juu, mama anayepiga deki ambaye ndiye pekee aliyeniambia pole ya kweli, bibi wa nyonga na fimbo yake iliyobaki, na watu wa meno walioniona na chupa. Msalimie hata Sista Polepole, lakini iwe kwa haraka.

Nabaki kuwa mgonjwa wako aliyepona,
Mshindi wa Umeme,
Benchi la pili kutoka dirishani, karakana ya Mzee Futi.

Nyongeza. Alhamisi.

Ndugu Mkuu, barua hii niliiandika Jumatatu, nikaifunga vizuri kwenye bahasha. Leo nimeichana bahasha kwa sababu kuna vitu vidogo nilivisahau.

Zile elfu tatu mia saba na themanini, mkono wa kulia ulifanya nne. Ya tano ulikataa, chupa ikaanguka. Zilizobaki nilifanya kwa kushoto. Sikuona ubaya. Pale karakana mtu akiugua, mwenzake wa benchi anammalizia kipande chake, kazi inaandikwa imekwisha, na hakuna anayeuliza ni mkono wa nani. Kwa hiyo tiba yenu niliyoilalamikia kurasa zote hizi sikuwahi kuifanya. Aliyeifanya ni jamaa mwingine, ambaye hakuwa mgonjwa. Sasa ni mgonjwa. Tangu Jumanne kiwiko cha kushoto kinauma upande wa ndani, pale pale penye kifupa. Ile hesabu ya wastani naomba uifute.

Jana niliazima bisibisi kwa jirani. Mzee Futi hajui. Mama alikuwa amemsindikiza dada kliniki, nikasema nitamshangaza. Nikaunganisha kitanda. Kila skrubu niliizungusha mpaka maumivu yalipoanza, nikahamisha mkono, nikaizungusha mpaka yalipoanza upande wa pili, nikaiacha hapo. Zote arobaini na nane ziliishia njiani. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba vile vishimo virefu vya kuzamishia vichwa vyake, nikapitisha msasa. Kilipendeza, Ndugu Mkuu. Hata Mzee Futi angepita asione.

Dada aliporudi alisimama mlangoni, mkono kinywani. Hakunitania hata neno moja. Alikizunguka, akapapasa ubao wa juu, akasema, "Jamani, mjomba mtu." Kisha akauliza, "Kimekaza?" Nikasema kimekaza. Alikuwa amechoka kwa kutembea, anatafuta pa kujishikiza ili akae. Nikamwambia, "Egemea tu uone."

Ubavu wote wa kitanda uliachia kwa mara moja. Alikwenda chini nao. Bahati godoro la mtoto lilikuwa limekunjwa pale chini, akaangukia juu yake, akakaa kama mtu aliyeketishwa. Tukarudi kliniki kwa mbio, mama akiomba njia nzima. Mkunga alimpima akasema mtoto yuko salama, anapiga mateke kama kawaida, na dada hana zaidi ya mchubuko wa goti. Kwenye kurudi alikuwa ameshaanza kucheka, akimwambia mama kwamba mtoto wake amekuwa wa kwanza kuanguka kitandani kabla ya kuzaliwa. Mimi nilicheka pia, kwa kelele, ili nisisikike nikilia.

Sitaki cheti. Nikipewa kwa bahati mbaya, mninyang'anye. Kitanda cha chuma kinakuja Jumamosi na nitakipokea mwenyewe mlangoni. Ile kadi tupu, Sista Polepole asiitupe, na chupa naomba iwe ndogo kidogo, maana sasa ni mikono miwili.

Wala asidhani naona aibu ya kiwiko. Kiwiko kilisema ukweli tangu siku ya kwanza, nami ndiye niliyekuwa nakinyamazisha. Dada aliniuliza swali moja tu, Ndugu Mkuu, nami nilikuwa na jibu lake mkononi. Nilijua hakijakaza. Mimi ndiye niliyemwambia aegemee.